Aliyekesha Mbele ya Vioo

Mhariri ameniomba mara mbili niandike juu ya maisha ya kubeba boksi, nami mara mbili nimemkwepa, kwa sababu boksi langu halikuwa na uzito wa kuonekana. Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kukaa. Nilikaa kwenye kijichumba chini ya jengo la kuegesha magari katikati ya Minneapolis, tangu saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya vioo kumi na sita vya kamera za ulinzi. Kwetu Tanga mlinzi ana rungu, tochi na koti la jeshi la mtumba. Mimi nilikuwa na kiti kinachozunguka na kikombe cha kahawa. Ndugu zangu nyumbani walipouliza ninafanya nini Marekani, niliwaambia ninaangalia. "Unaangalia nini?" Naangalia tu.

Januari ya mwaka 2009, usiku ambao baridi ilikuwa ile ya kukata masikio, nilimwona mtu kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Ilikuwa saa nane na dakika kama ishirini. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, kofia imemfunika uso. Sheria ya kazi ilikuwa wazi: mtu akilala ngazini unapiga simu, anatolewa. Nikamhurumia. Nikajisemea, huyu ni maskini mwenzetu amekimbia baridi, mwache apate joto kidogo. Nikageukia vioo vingine. Kila baada ya dakika chache jicho langu lilimpitia, na kila lilipompitia lilisema neno lile lile: amelala.

Saa tisa na dakika kumi ndipo nilipoona kwamba kiatu kimoja kimemtoka mguuni na hajakivaa. Nani anakaa bila kiatu kwenye zege usiku kama ule? Nikapanda ngazi mbio. Alikuwa macho. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja hauna nguvu. Kiharusi. Hakuwa hata mtu asiye na makazi; alikuwa mfanyakazi wa usiku kama mimi, anakwenda kuchukua gari lake. Gari la wagonjwa likaja, likamchukua. Sikuambiwa kama alipona, na nilipouliza niliambiwa kwamba hilo halinihusu.

Kilichonihusu kilikuwa mkanda. Siku ya tatu msimamizi wangu aliniweka kitini tukautazama pamoja. Yote yalikuwemo. Mtu anashuka ngazi, anashika ukuta, anakaa kwa namna ambayo mtu hakai kwa hiari. Mkono unajaribu kuinuka mara moja, mara ya pili. Kiatu kinatoka kwa sababu mguu unapapasa sakafu. Dakika hamsini za mtu anayeomba msaada, na mimi nilikuwa mbele ya kioo muda wote, macho wazi, sijasinzia. Nisingeamini kama nisingeuona mkanda. Msimamizi hakunifukuza. Alisema, "Hutokea," akazima mashine.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya jambo hilo, jinsi mtu anavyoharibika akiwekwa mbele ya mashine inayoona kwa niaba yake. Wenzetu wa vyuo wana somo zima juu yake. Lilikomaa vitani, na humo vitani ndimo linamoendelea kulipiwa. Mwingereza mmoja, Norman Mackworth, alipewa kazi ya kuchunguza kwa nini watazamaji wa rada wa jeshi la anga, waliokuwa wakisaka nyambizi za Wajerumani, walipitwa na alama zilizokuwa mbele ya macho yao. Akatengeneza kitu kama saa ya ukutani, yenye mkono mmoja unaoruka hatua moja moja. Mara chache sana mkono uliruka hatua mbili. Mtazamaji alitakiwa abonyeze swichi kila aonapo mruko huo, kwa muda wa saa mbili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 hayajapinduliwa mpaka leo: baada ya nusu saa ya kwanza watu wazima, wenye afya na nia njema, walianza kukosa. Si kwamba walilala. Jicho lilibaki na kazi yake, akili ikaenda zake. Mimi nilimwona yule bwana saa nne na zaidi baada ya kuanza zamu.

Sikuwa nimemwambia mtu habari hii mpaka nilipomwambia Mzee wa Barawa. Wengi wenu wa Cedar-Riverside mnamfahamu kwa sura. Jina lake nalihifadhi. Anaishi kwenye yale maghorofa marefu yenye vibao vya rangi rangi ukutani. Alizaliwa Barawa, na lugha yake ya mama ni Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu aliyetangulia kuhama kaskazini. Lakini miaka ya tisini aliishi kambi ya wakimbizi ya Benadir kule Mombasa, kwa hiyo Kiswahili chake kina chumvi ya Kongowea. Ninapomwamkia shikamoo anaitika marahaba kwa furaha, halafu ananicheka kwamba Watanzania tunaamkia hadi paka.

Mzee ana dada yake Barawa. Kila Ijumaa baada ya sala anampigia simu. Miaka ile ambayo mji ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, mazungumzo yao yalikuwa ya mafumbo. Wakitaja mvua walimaanisha kitu kingine, wakitaja nzi walimaanisha ndege. Mashambulizi ya anga ya Marekani nchini Somalia yalianza Januari 2007 kwa ndege zenye watu ndani. Juni 2011 ikaja ndege isiyo na rubani. Tarehe 1 Septemba 2014 ndege za Marekani zilimwua Ahmed Godane, kiongozi wa Al-Shabaab, na mwezi uliofuata majeshi ya Umoja wa Afrika na ya serikali yakaingia Barawa. Mzee hakumlilia Godane hata kidogo. Lakini dada yake alikuwa amemwambia jambo lililomkaa moyoni: wanawake wa mashambani wameacha kutembea kwa makundi kwenda kisimani, hawajui kundi linaonekanaje kutoka juu.

Siku moja akaniuliza, kwa kuwa anajua nilifanya kazi ya vioo: "Mwanangu, hao wanaotazama, wanaona nini hasa?"

Ndipo nikamsimulia kwanza habari ya ngazi na kiatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, asiseme neno. Kisha nikamwambia ninayoyajua.

Nikamwambia kwamba neno "isiyo na rubani" linadanganya. Rubani yuko. Amekaa chumbani, mara nyingi katika jimbo la Nevada, na pembeni yake mwenzake anayeongoza kamera. Nyuma yao wapo wachambuzi wa picha, pengine katika jimbo jingine kabisa, wanaoandika wanachokiona na kukituma. Kuna watu wengi zaidi kuzunguka ndege ile kuliko waliomo ndani ya ndege ya kivita ya kawaida. Wanafanya zamu. Zamu ikiisha wanapanda gari, wanapitia dukani, wanakwenda nyumbani kulala na wake zao. Karibu saa zote za zamu ni saa za kutazama paa la nyumba, mbuzi, mtu anayechota maji.

Nikamweleza kisa cha Uruzgan, Afghanistan, cha tarehe 21 Februari 2010. Magari matatu yalikuwa njiani alfajiri, yamejaa wasafiri. Ndege isiyo na rubani iliyafuata kwa saa kadhaa. Wachambuzi waliokuwa Florida waliandika kwamba wanaona watoto. Waliokuwa Nevada wakaitilia shaka taarifa ile, na neno "watoto" likageuka likawa "vijana wanaobalehe", na kijana anayebalehe kwenye vita vile alihesabiwa kuwa anaweza kushika bunduki. Wasafiri waliposhuka kusali, hilo nalo likawa ushahidi. Helikopta zikaitwa. Wazee wa vijiji vyao walihesabu maiti 23, na wawili kati yao walikuwa watoto wadogo. Jenerali aliyechunguza, Timothy McHale, aliwalaumu waziwazi waliokuwa wakiendesha ile ndege kwa kutoa taarifa zisizo sahihi. Nilipousoma muhtasari wa mazungumzo yao sikuona watu wabaya. Niliona watu waliokwisha kuamua, ambao kila picha mpya iliingia kwenye uamuzi ule kama maji kwenye mtungi. Mimi niliamua "amelala", nao waliamua "maadui". Tofauti ni kwamba mimi nilikosea kwa huruma, na kwamba kwenye kiti changu hapakuwa na kitufe.

Somalia kwenyewe kisa kinachojulikana zaidi ni cha tarehe 1 Aprili 2018, karibu na El Buur. Kombora lilipiga gari. Jeshi la Marekani la kamandi ya Afrika likatangaza kwamba waliokufa ni magaidi watano, hakuna raia. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2019, likakiri kwamba mwanamke na mtoto waliuawa. Mwaka 2023 gazeti la The Intercept lilipata ripoti ya uchunguzi wa jeshi lenyewe: waliokuwa zamu walibishana hata juu ya idadi ya watu ndani ya gari, na hakuna aliyetambua kwamba wamo mama na binti yake. Kombora la kwanza halikuwaua hao wawili. Waliuawa na la pili, wakikimbia.

Mzee aliuliza swali moja tu. "Na hao, mkanda wao waliutazama?"

Nikasema ndiyo, waliutazama baadaye.

Sasa wasomaji, huenda mkadhani haya ni mambo ya Nevada na ya jangwani, mbali na theluji yetu. Hapana. Mji huu tunaoishi una mkono wake humo, mkono wa zamani. Nani kati yetu hakumbuki majira yake ya baridi ya kwanza, amesimama mbele ya kile kidude cha duara ukutani, anakizungusha kwa hofu kwamba akikosea nyumba italipuka? Thamostati ya Honeywell. Ukoo wake ulianza hapahapa mwaka 1885, pale mvumbuzi Albert Butz alipobuni kifaa cha kufungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri bila mtu kushuka chini. Kile cha duara kilitoka mwaka 1953, kazi ya Henry Dreyfuss, mtu aliyepima viganja, vimo na macho ya watu ili chombo kimfuate binadamu na si binadamu akifuate chombo. Mimi huyo bwana namheshimu. Kidude chake hata bibi yangu angekizungusha.

Lakini kampuni ile ile, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilitengeneza mtambo wa kuendesha ndege peke yake, uliojulikana kama C-1. Ulipounganishwa na darubini ya kulengea mabomu ya Norden, rubani aliachia usukani na ndege ikamfuata mlenga shabaha. Wakati wa vita vya Vietnam ikatengeneza mabomu madogo ya kutawanyika, yaliyobandikwa jina la mapera. Ndiyo, mapera, tunda la nyuma ya nyumba zetu. Wakazi wa hapa walipinga. Kuanzia mwaka 1968 kikundi kilichoongozwa na Marv Davidov kilisimama nje ya makao makuu ya kampuni mwaka baada ya mwaka, na tarehe 24 Oktoba 1983 polisi walikamata watu 577 kwa siku moja. Miongoni mwa waliokamatwa kwenye maandamano hayo ni Erica Bouza, mke wa mkuu wa polisi wa Minneapolis mwenyewe. Fikirieni chakula cha jioni nyumba ile. Mwaka 1990 kampuni iliitenga idara yake ya silaha ikawa kampuni nyingine, na baadaye makao yake makuu yakahamia New Jersey. Vidude vya duara vikabaki kutani.

Na kuna njiwa. Hii nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani natanizwa. B. F. Skinner, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, alipata wazo kwamba kombora linaweza kuongozwa na ndege mwenye manyoya. General Mills, hao hao wenye unga wa ngano tunaokandia chapati, walimpa dola 5,000 na nafasi kwenye ghorofa ya juu ya kinu cha unga hapa Minneapolis. Mwaka 1943 serikali ikaongeza dola 25,000. Njiwa alifundishwa kudonoa picha ya shabaha iliyoangazwa kwenye kioo mbele yake. Akidonoa katikati, kombora linakwenda sawa. Shabaha ikisogea pembeni anaifuata kwa mdomo, na usukani unageuka. Malipo yake punje. Kwenye pua ya kombora walipangwa njiwa watatu, ili mmoja akikosea wawili wampinge. Yaani njiwa walipewa baraza la kupiga kura.

Machi 1944 Skinner alimpeleka njiwa mbele ya kamati huko Washington. Njiwa alifanya kazi yake bila kosa. Wakubwa wakacheka, na kufikia Oktoba mradi ukafungwa, haukutumika vitani. Skinner alibaki na banda la njiwa nyumbani kwake, na miaka sita baadaye akawajaribu: walidonoa shabaha ile ile bila kusita. Mwaka 2024, miaka 34 baada ya kifo chake, alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, ya amani eti.

Watu husimulia kisa hicho kwa kucheka, nami nilicheka. Siku hizi nakiona kwa namna nyingine. Skinner alikuwa anauza kitu kimoja tu: macho yasiyochoka na yasiyouliza. Njiwa anadonoa maelfu ya mara na wala hajui kama kilichoko kwenye kioo ni meli au mtaa wa watu. Wakubwa walitaka kitu hicho hicho, isipokuwa hawakukitaka kiwe na mabawa. Wamekuwa wakikitafuta tangu hapo, na sasa wanakaribia kukipata kwenye kompyuta. Mwaka 2003, vita vya Iraki vilipoanza, mtambo wa kutungulia makombora wa Patriot uliitambua vibaya ndege ya Uingereza aina ya Tornado, ukasema ni kombora. Askari waliokuwa mbele ya kioo walikuwa na sekunde chache za kuukatalia. Hawakuukatalia. Watu wawili waliokuwemo ndani yake wakafa, wa upande wao wenyewe. Mtu alikuwepo pale, kama kanuni zinavyotaka. Alikuwepo kama nilivyokuwepo mimi.

Agizo la wizara ya ulinzi ya Marekani juu ya silaha zinazojiendesha, la mwaka 2012, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2023, linataka pawepo "kiwango kinachofaa" cha uamuzi wa binadamu. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Kinachofaa saa ngapi ya zamu?

Nimalizie na Mei 2020, ambayo hakuna kati yetu aliyeisahau. George Floyd aliuawa siku ya Jumatatu tarehe 25. Ijumaa tarehe 29, mtaa wa Lake Street ukiwa bado unafuka moshi, ndege isiyo na rubani aina ya Predator ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka iliruka kutoka Grand Forks, North Dakota, ikaja kuzunguka juu ya Minneapolis. Haikuwa na silaha. Waliofichua habari ni watu wa kawaida wanaofuatilia safari za ndege, kisha idara yenyewe ikakubali. Jioni hiyo tumefungiwa ndani kwa amri ya kutotembea, Mzee akanipigia simu.

"Ni ndege ile ile?"

"Ni ya ukoo ule ule, Mzee. Ila hii ina kamera tu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba mchana ule alikuwa amekaa chini ya mti, nje ya jengo lao, na wazee wenzake. Kila mmoja amekaa mbali na mwenzake kwa ajili ya korona. Wanaume sita. Walikuwa na birika la chai, na mmoja wao, kwa kuwa magoti yanamsumbua, alikuwa na bakora ndefu ameiweka mapajani.

"Wewe ungekuwa kwenye kioo," akasema, "ile bakora ungeiita nini?"

"Ningeiita bakora, Mzee."

"Mchana, sawa," akasema. "Na saa tisa za usiku?"